Fundi wa Meno Aliyebishana na Daktari Kuhusu Mungu

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa tatu wa seremala na mshona nguo. Baba yake alikuwa akisimulia kwamba siku moja, akiwa anakaza bawaba ya mlango, binti huyu alikunja na kukunjua kiwiko chake, akauliza: "Baba, na hii bawaba yangu kaifunga nani?" Seremala akamjibu kuwa ni Mungu. Hoja hiyo hakuiacha tena.

Alisoma shule ya msingi jirani na soko, kisha sekondari ya wasichana, alikoongoza darasa kwa kuchora na kwa kuadhibiwa kwa sababu ya ubishi. Mwaka 1979 alihitimu chuo cha ufundi wa meno ya bandia, akaajiriwa katika karakana ya hospitali, chumba cha mwisho kwenye korido, ambako vumbi la plasta lilimkaa hadi kwenye kope.

Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na karani wa bohari, ambaye ndiye anayewasomea haya. Ndoa ilikuwa ya amani. Alichosema mke, mume alikubali, maana naye aliamini hivyo hivyo.

"Mungu yupo, baba."

"Yupo, mama."

Mazungumzo yakaishia hapo, wakazima taa.

Mwaka 1988 akaja Daktari wa meno, chumba cha jirani, na huyo hakukubali kitu.

"Mimi nahangaika siku tatu na meno ya bibi mmoja," marehemu alimwambia, "na akitafuna bado yanagongana. Halafu uniambie kinywa kizima kilijipanga chenyewe?"

Daktari akamwita kwenye kiti cha mgonjwa. "Fundi, hebu ona gego hili la mwisho. Limeota kwa ubavu, taya halina nafasi. Fundi gani anapeleka viti thelathini na viwili kwenye chumba cha ishirini na vinane?"

"Chumba kilitosha zamani, watu walipotafuna vigumu!"

"Ndicho ninachosema. Hakuna aliyekaa akapanga. Kilichofaa kikabaki, kisichofaa bado kinatusumbua."

Mgonjwa naye akingoja, mdomo wazi.

Alistaafu mwaka 2017, lakini ubishi haukustaafu. Kila Jumapili alasiri Daktari alifika sebuleni, na mumewe ndiye aliyechemsha chai. Mumewe aliona wivu, na leo haufichi. Ingekuwa mapenzi, angejua la kufanya: angefoka, angemfukuza mtu. Lakini utamfukuzaje mtu kwa kosa la kumpinga mkeo? Marehemu alipopingwa macho yalimng'aa, na kukubaliwa hakukuwahi kuyang'arisha hivyo. Roho ilimuuma mumewe kila aliposhika birika.

Januari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Tarehe 20 Juni asubuhi Daktari alikuja wodini, akamshika mkono, akasema, "Fundi, basi, umenishinda." Alipotoka, marehemu aligeukia ukuta.

"Ananihurumia," alisema. "Sasa najua nakufa."

Hapo mumewe alisema neno ambalo hakuwahi kulisema kwa miaka arobaini: "Mimi hujanishinda. Kama huyo Fundi aliyetuumba yupo, hili kongosho alilitengenezaje hivi?"

Marehemu akageuka. "Kumbe na wewe una mdomo!" Akaomba mto wa pili, akaketi. Walibishana mpaka wahudumu walipoleta chakula cha mchana, na macho yakamng'aa, safari hii kwa mumewe. Alifariki kesho yake, tarehe 21 Juni 2024, saa kumi na moja alfajiri.

Ameacha mume, binti, mtoto wa kiume, wajukuu watatu na dada mmoja. Watoto wamesisitiza Daktari naye atajwe kati ya walioachwa. Haya, ametajwa, mwishoni.

Daktari, aliyesimuliwa na wahudumu ubishi wetu wa wodini, ameniuliza mara mbili, kwenye simu na leo hii getini, marehemu alinijibu nini kuhusu kongosho. Sikumwambia, na sitamwambia. Yeye ana Jumapili zake zote. Mimi nina asubuhi ile moja, na simgawii mtu.

Fundi aliyemwamini ampumzishe kwa amani.