Mafundo Yanayoinamia Kulia

Inueni mto huu kidogo nikae wima, wanangu, maana maneno ya leo hayasemwi na mtu aliyelala. Kifungua mimba wangu, zima redio. Na wewe, kitinda mimba, acha kusimama mlangoni kama mgeni. Njoo ukae hapa, karibu na miguu yangu.

Chumba hiki na kile cha uani mtagawana, mnajua hivyo, sina la kuongeza. Ninalotaka kusema ni la meza ya kazi pale dirishani, na chupa tunazozungushia kamba kupata duara la mkono, na jina tulilopata kwa bangili zetu. Baba yenu, baharia wa meli za mizigo, alirudi nyumbani na mafundo mengi kuliko mshahara, akanifundisha hayo mafundo, nami nikawalea kwayo. Kamba nyeupe ya pamba, ukiisuka vizuri ukaichovya kwenye maji ya moto, hukaza mpaka mvaaji anaisahau mkononi. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu, na sifa, wanangu, hulevya.

Mnaikumbuka siku mwenye duka la zawadi alipotuita. Alizimwaga bangili zetu juu ya kaunta mbele ya wateja, akasema, "Mama, watu wanazirudisha. Zinafumuka kama soksi kuukuu." Sikuitazama hata moja. Nilimgeukia binti yangu huyu, kitinda mimba, nikasema kwa sauti iliyofika barabarani, "Ni huyu Mashoto wangu! Nilimwambia mkono wa kushoto ni wa kushikia tu, haufungi fundo likakaa!" Watu wakacheka. Nawe, kifungua mimba, ulicheka. Usiangalie chini sasa. Yeye akasema tu, "Sawa, Mama," na kesho yake akaenda kuosha vyombo hotelini, nami nikawaambia majirani kwamba nimeisafisha kazi yangu.

Alipoondoka, bangili ziliendelea kurudi. Ndipo nilipozitoa zote, na zile za dukani, nikakaa nazo dirishani. Mtu wa mkono wa kulia akifunga, mafundo yake huinamia kulia. Ya mashoto huinamia kushoto, ni kama mwandiko, hayafichiki. Nikatafuta ya kushoto. Nikazigeuza, nikatafuta tena. Zote zilikuwa zimeinamia kulia. Zilikuwa zangu, maana wewe, kifungua mimba, hukuwahi kufunga. Vidole hivi vilikuwa vimeshaanza kufa ganzi, nami sikutaka kujua. Nyani haoni kundule.

Ningemwita siku ile ile. Sikumwita. Niliona haya, nikasema moyoni, kesho. Na kila aliponiletea chakula kwa mikono iliyochubuliwa na sabuni, nilikula huku nikitazama ukuta. Binti yangu, ulijua? Unaitikia kwa kichwa. Basi ulijua. Uliyaona mafundo pale pale kwenye kaunta, ukanisitiri, mimi niliyekuvua nguo mbele za watu. Hilo linanichoma kuliko ugonjwa.

Meza ni ya dada yako. Usikohoe, kifungua mimba. Najua umemwambia mkeo kwamba utaiuza. Wewe utapeleka mzigo madukani kama zamani, naye ndiye atakayesema ipi iende na ipi ifumuliwe. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilizofunga mimi, zilizobaki kapuni, zikateni. Msiuze hata moja, hata kwa anayenihurumia.

Lakini kumpa meza humu ndani, mlango umefungwa, ni kujificha tu. Niliyasema dukani, yafutwe dukani. Miguu yangu haifiki. Utakwenda wewe uliyecheka. Usiende duka likiwa tupu. Nenda watu wamejaa, dada yako akiwa kando yako, useme kwa sauti ile ile niliyoitumia mimi.

Mungu awape... awape mikono isiyochoka, na macho ya kujiona wenyewe kwanza. Radhi yangu mnayo nyote wawili. Na wewe, binti yangu, yako naiomba mimi. Nipe maji... basi, yatosha.

Kijana wangu, sema sasa nisikie. Sema, "Bangili zilizofumuka zilikuwa za mama." Hapana, hiyo ni sauti ya chumbani. Duka lina kelele. Sema tena... zilikuwa za mama... Tena, baba. Nakusikia kwa mbali... ongeza sauti.