Rolande Bérubé na Neno Walilolikwepa

Baba Padri, ndugu na majirani mliokanyaga theluji kuja kumsindikiza, familia imenituma mimi, mdogo wake Réal, niwasomee maisha ya dada yetu, na mtaniwia radhi sauti ikipanda, maana yapo mambo hayasomeki kwa upole.

Marehemu Rolande D'Astous alizaliwa tarehe 9 Februari 1934 hapa Sayabec, Quebec, mtoto wa mzee Onésime, mpasua mbao msema Kifaransa aliyeamrishwa kwa Kiingereza miaka thelathini katika nchi ya babu zake. Alisoma kwa masista wa Matane hadi 1951, na Septemba 1953 akaajiriwa na gazeti moja la Rimouski kuwa msahihishaji wa prufu, kurasa za majaribio kabla gazeti halijachapwa. Tarehe 5 Julai 1958 alifunga ndoa na Lucien Bérubé, fundi bomba, wakajaliwa Solange na Ghislain.

Harakati za uhuru wa Quebec kutoka Kanada zilipopamba moto, mhariri alimtaka kila penye "wapigania uhuru" aandike "wajitengaji", akisema, "Ndivyo wote wanavyosema, Bi Bérubé, usijitafutie balaa." Akamjibu, "Kijana akihama kwa baba yake akajenge kwake, na huyo mnamwita mtoro?"

Tarehe 16 Oktoba 1970, kwa sababu ya watekaji nyara waliojiita wapigania uhuru, asiowajua hata kwa sura, askari waliingia jikoni mwake watoto wakinywa uji, wakakuta daftari alimoorodhesha maneno ya siasa, "uhuru", "mamlaka kamili", "kujitenga", na siku kila moja lilipochapwa.

"Hizi ni ishara za siri?"

"Ni maneno, mwanangu, hata wewe unayo."

Walimweka ndani siku kumi na moja, bila shtaka, bila wakili, na alipotoka alikuta kiti chake kazini kina mtu mwingine. Daftari halikurudi, barua tisa alizoandika kulidai hazikujibiwa, na hadi leo hakuna aliyemwambia pole.

Kilichomuuma zaidi kilitoka kwa watu wake. Januari 1980 vijana wa chama cha wapigania uhuru walimletea swali la kura ya maoni juu ya Quebec alisome, refu kama mkia wa kishada, limejaa "mamlaka" na "ushirika", bila neno uhuru kutajwa popote. Aliwaambia, "Mnaogopa neno, nchi mtaiwezaje?" Hata hivyo alivaa buti, akapita nyumba kwa nyumba kuliombea kura swali hilo alilolidharau, na tarehe 20 Mei akapiga ndiyo, tukashindwa. Mwaka 1995, kura ya maoni ya pili, akarudia, tukashindwa kwa kura za kuhesabika.

Saratani ya mapafu iligunduliwa Machi 2002, akafariki tarehe 14 Januari 2003, Lucien akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia, na wachapaji wenzake wawili tu waliothubutu kuja.

Rolande, pumzika sasa. Hasira tuachie sisi.