Mzee Antena na Utani Uliovuka Mpaka

Ndugu waombolezaji, majirani, nanyi mashabiki wa Bluu na wa Njano mliobanana leo kwenye mabenchi haya, familia haikutaka mzee wetu azikwe na nusu ya habari zake, kwa hiyo tutasoma mema yake pamoja na lile lililomuuma.

Marehemu, mliyemzoea kwa jina la Mzee Antena, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1953, mtoto wa nne wa seremala na msusi wa mikeka, akamaliza shule ya msingi mwaka 1967, akaenda chuo cha ufundi, na baada ya miaka kadhaa ya kuajiriwa alifungua kibanda chake cha kutengeneza redio Juni 1979, chumba kimoja chenye meza iliyojaa alama za moto, redio zilizopasuliwa matumbo, na benchi refu nje ya mlango, ambalo kila mwenye timu na mdomo alilijua.

Tarehe 14 Desemba 1980 alifunga ndoa na mama yetu, wakajaliwa watoto watatu, na pamoja na mke akampata shemeji, mjomba wetu mwoka mikate, Njano damu, ambaye kila baada ya mechi alikuja bado ana unga kwenye nyusi. Bluu, timu ya marehemu, ikifungwa, mjomba alisimama mlangoni na kusema, "Pole na msiba, shemeji, mmekula mangapi?" naye marehemu, bila kuinua kichwa, alijibu, "Hujafa hujaumbika, ngoja raundi ya pili," wakacheka hadi wateja wakasahau redio zao.

Mwezi Mei 2011 Bluu walitwaa ubingwa, na siku hiyohiyo Njano wakashuka daraja. Furaha ilimlevya marehemu, akatengeneza jeneza kwa boksi la televisheni, akalipaka rangi ya njano, na kundi zima likamfuata kwa ngoma na nyimbo hadi nyumbani kwa mjomba, wakalilaza kizingitini. Alijua mama mkwe wake ni mgonjwa, lakini hakujua kwamba mchana ule, yeye akiwa uwanjani, madaktari walikuwa wamemruhusu arudi nyumbani kwa kuwa hawakuwa na la kufanya tena, na kwamba kitanda chake kilikuwa kimewekwa sebuleni kwa mjomba, karibu na dirisha lililo wazi. Bibi alichungulia, akauliza kwa sauti ndogo, "Nani huyo ameniwahishia?"

Wimbo ulimkatikia marehemu mdomoni. Mjomba alitoka, akatazama boksi, akamtazama yeye, akasema, "Utani una mpaka, shemeji, na wewe umeuvuka na ngoma juu." Bibi alifariki wiki hiyohiyo, madaktari wakasema ni maradhi yake tu, lakini hilo halikumtuliza marehemu, na mazishini alisimama nyuma kabisa kama mtu wa kupita.

Mama alimsihi, "Nenda kwa kaka yangu, maji hayajamwagika yote," naye alijibu, "Ligi ikiisha nitakwenda," ligi ikaisha, nyingine ikaanza, na aibu ikazidi kuota mizizi. Mwaka 2016 alijikaza, akapanga foleni pale kwenye mikate, mjomba akamhudumia kama mteja yeyote, marehemu akarudi nyumbani akalalamika, "Amenipa mkate wa moto, neno hakunipa." Mama akamuuliza, "Na wewe ulimpa neno gani?" Mkate ule hakuugusa.

Tarehe 2 Februari 2022 alipatwa na kiharusi kilichomchukua upande wa kulia pamoja na kauli. Tarehe 18 mjomba alikuja hospitali bila kuitwa, akavuta kiti hadi kitandani, akaanza kumsimulia misimu ya Njano tangu waliposhuka, viwanja vya matope, penalti walizokosa, mwaka ambao nusura timu ivunjwe, hadi ule waliorudi ligi kuu. "Siku tuliyopanda nilikutafuta kwa macho, shemeji, nikakosa wa kumringia." Marehemu alimshika mkono, midomo ikahangaika, sauti ikatoka lakini haikuwa neno, akajaribu tena na tena, machozi yakimtiririka, mpaka mjomba akamwambia, "Tulia, usijichoshe." Alifariki kesho yake, tarehe 19 Februari 2022, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliotubeba siku zote hizi, mafundi wenzake, na mashabiki wa timu zote mbili. Na kwako, mjomba, tuliomuuguza tunajua neno lililomshinda siku ile, lilikuwa samahani, alikuwa na miaka ya kulisema akiwa na ulimi mzima na hakulisema, nasi tunalisema leo mbele ya watu wote, tukijua kwamba limechelewa na kwamba lilipaswa kutoka kinywani mwake.

Baba, lala salama, upumzike kwa amani.