Kabla Hamjauza, Fungueni Mifuniko

Zimeni simu zenu, wanangu, na huyo aliyesimama nusu mlangoni nusu ukumbini aamue moja, aingie au atoke, maana upepo unaopita hapo unanifikia miguuni, na mimi nina maneno mengi kuliko pumzi. Daktari amesema nisiongee sana. Daktari huyohuyo alisema mwezi uliopita kwamba nitapona, kwa hiyo tumsamehe tuendelee.

Naanza na mkwe wangu, kwa sababu nikimwacha mwisho nitakuwa nimeshapoa, na sitaki kupoa. Mkwe, wewe ni mtu mwema, sijawahi kukuona ukikaripia hata paka. Asubuhi hii umeingia na kiboksi cha bluu, umepiga goti hapa kando ya kitanda, umeniambia, "Baba, tumekufanyia kitu kidogo," na mle ndani nikaiona saa yangu ya kwanza inang'aa kama kijiko cha hoteli. Miaka arobaini na minne nimeilinda isiguswe na kitambaa chenye dawa. Ilikuwa na kingo zake na mikwaruzo yake, na pale upande wa kushoto ilikuwa na kibonyeo ambacho mama yenu alikitia siku ilipomponyoka ikapiga ukingo wa meza yake ya kazi, akaniambia, "Haya, sasa hutaichanganya na ya mtu." Wewe umempelekea mtu mwenye mashine, akakisaga hicho kibonyeo mpaka kikaisha. Uliponiona nalia ukamgusa mke wako begani ukasema, "Unaona, mzee amefurahi." Mkwe wangu, ningekuwa na nguvu za kunyanyua mto huu ungekuwa usoni mwako.

Na wewe Meneja, usicheke. Tangu una miaka saba ukipanga viatu vya wageni mlangoni kwa ukubwa tulijua utakuwa hivi, ndiyo maana jina likakuganda. Juzi saa nne asubuhi ulimwingiza chumbani humu mtu wa suti ya kubana, mnunuzi wa saa zilizotumika, mkafungua kabati langu na kuzipanga saa juu ya blanketi, juu ya miguu yangu mwenyewe, mkawa mnazipiga picha. Nilimsikia akiuliza, "Mzee anasikia?" nawe ukamjibu, "Amelala huyo." Nilikuwa nimefumba macho, Meneja. Nilizihesabu kwa uzito wake miguuni, kumi na nane, nikajua moja haipo, nikakaa na wasiwasi huo siku mbili mpaka mkwe alipoingia na boksi lake. Nilivumilia yote mpaka yule bwana aliposema kwamba ile yenye uso wa kijani ni ya bandia. Hapo nikakohoa. Mliruka wote wawili. Ni halisi, na cheti chake kimo ndani ya soksi ya kahawia.

Sasa nisemwe na mimi, maana nikiwalaumu ninyi peke yenu nitakuwa mwongo mpaka dakika ya mwisho. Miaka thelathini na moja nimekuwa mhudumu wa ndege, nimegawa kahawa juu ya nchi ambazo nimeziona kwa taa zake tu, na kila nilikoshuka, wenzangu walienda kuona makumbusho, mimi nilienda kubandika pua kwenye kioo cha duka la saa. Kila mwaka watengenezaji wakitoa matoleo mapya nilisoma habari zake kama watu wanavyosoma matokeo ya mpira. Mwaka huu wameongeza upana wa mshale kwa unene wa unywele, nami najiambia, hapo sasa wamefika. Mwaka unaofuata wameupunguza, najiambia, hapo ndipo wamefika hasa. Meneja, siku uliyozaliwa nilikuwa kwenye foleni nje ya duka, nchi ya mbali, kuna baridi ya kukata masikio, nasubiri toleo la saa lenye kidirisha cha tarehe. Uliponiuliza ukubwani nikakwambia ndege iliharibika. Haikuharibika. Nilipata namba kumi na mbili kwenye foleni, na saa zikaisha kwa mtu wa kumi na moja.

Na mama yenu alikuwa nani? Fundi saa. Hebu fikirieni ujinga wenyewe: mtu mwenye homa ya saa ameoa fundi saa, halafu anamficha saa. Nilizificha kwenye viatu, nikaficha moja ndani ya redio mbovu, nyingine kwenye mfuko wa unga kule stoo. Akiniona na mpya mkononi nilisema, "Hii? Si ile ya zamani, nimebadilisha mkanda tu." Yeye aliyekuwa akizijua saa za mtaa mzima kwa mlio wake, nikamwambia nimebadilisha mkanda. Na nilikuwa nikimtambia, nimeegemea meza yake pale dirishani: "Mama watoto, saa zangu ni za kiwango. Ile moja ina miaka kumi na mbili haijaguswa na fundi, haipotezi hata dakika." Naye, bila kunyanyua jicho lenye kile kioo cha kukuzia, akipuliza vumbi kwenye saa ya jirani, hujibu, "Hongera."

Hongera. Nililibeba neno hilo kama nishani.

Alipoondoka yeye duniani, mwaka haukwisha saa moja ikasimama. Nikaipeleka kwa fundi mzee wa ng'ambo ya mji, akaifungua mfuniko wa nyuma, akatazama, kisha akanitazama mimi. "Mzee, umekuja kunipima?" Nikamwambia nimeleta saa, haijawahi kufunguliwa. Akacheka mpaka akavua kioo. "Hii imefanyiwa sevisi mara nne, na mtu mmoja. Ana mkono mwepesi kuliko wangu. Alama zake si hizi hapa?" Ndipo nikajua jambo ambalo mtu aliyeishi na fundi miaka yote ile alipaswa kulijua: fundi anayejiheshimu akimaliza kazi huchora tarehe kwa ncha ya sindano, upande wa ndani wa mfuniko, ili fundi atakayekuja baada yake ajue saa ilishughulikiwa lini. Na ubavuni mwa kila tarehe palikuwa na nukta tatu za mama yenu, zilezile alizotia kwenye kila saa iliyopita mezani kwake.

Nikampelekea zote isipokuwa moja, nitaisema baadaye, akazifungua. Kila moja ina nukta tatu. Mimi nikiwa angani nagawa kahawa, yeye alikuwa anazitoa viatuni, anazifungua, anazitia mafuta, anazirudisha kwenye kiatu kilekile, cha kushoto kushoto, cha kulia kulia. Ile ya unga, chini ya tarehe ameandika kwa herufi za kutafutwa kwa kioo: Unga umeingia. Tafuta mahali pengine. Ile ya redio ameandika: Redio nimeitengeneza pia. Na kweli, wanangu, redio ilikuwa inafanya kazi, nami miaka minane sikuwahi kuiwasha kwa sababu nilijua ni mbovu.

Basi msikie vizuri, na Meneja uandike, kwa kuwa kuandika unapenda. Mama yenu hakuacha barua wala daftari. Alichoandika maishani mwake kimo ndani ya mifuniko hiyo, na yule bwana wa suti angezinunua zimefungwa, akazisugua, akazitawanya kwa watu wasiojua wamevaa nini. Msiuze hata moja kabla hamjaifungua mkasoma wote wawili, mmekaa meza moja. Mkishasoma, uzeni mnazotaka, lakini mifuniko inabaki nyumbani. Najua saa isiyo na mfuniko wake wa asili inashuka thamani, Meneja, usininong'oneze. Na ishuke.

Nimesema meza moja, na meza ninayoisema mnaijua. Bisibisi, binti yangu, inua uso. Mama yako alikupa jina hilo kwa sababu ulikuwa mwembamba na unaingia kila mahali, na kwa sababu una miaka kumi ulishajua kufungua saa bila kupoteza skrubu. Ni miaka minne sasa hujala nyumbani kwa kaka yako, ukimwona unamwambia "Habari" kama unavyomwambia mlinzi wa benki, na yote kwa sababu baada ya msiba aliondoa meza ya mama yenu dirishani akaitupa stoo apate pa kuweka mashine yake ya kukimbilia. Ulikuwa na haki ya kukasirika mwaka mmoja. Miwili, sawa. Ya tatu na ya nne umekasirika kwa mazoea tu. Na wewe Meneja, ile mashine hujaikimbilia hata siku moja, unaanikia mashati. Leo hii, kabla ya chakula, iondoe. Meza irudi dirishani, na boksi la vifaa liwe la Bisibisi, atake kuacha kazi yake ya bima au asitake.

Mkwe, usidhani nimekusahau. Miaka minne iliyopita nilijiandikisha dukani kusubiri toleo moja jipya, na wiki iliyopita wamenipigia simu, mimi nimelala hapa na mpira puani, wananiambia, "Hongera mzee, zamu yako imefika." Zamu yangu imefika kweli, ila si hiyo. Nafasi yangu kwenye orodha nakurithisha wewe. Iwe adhabu yako.

Ngoja. Ngoja nivute pumzi.

Sasa lile nililoliogopa tangu asubuhi. Hiyo saa iliyosuguliwa, zote zilifunguliwa isipokuwa hiyo. Hiyo alikuwa akiitengeneza mbele yangu, nilijua ameandika, nikasema nitaisoma siku nikiwa na moyo. Sikuupata. Kama mtu wenu wa mashine alisugua na ndani, basi kimeondoka. Bisibisi, kifungulio kimo chini ya mto. Chukua. Fungua.

Usinisomee kwanza. Niambie tu, ndani kunang'aa?

Hakung'ai.

Mvivu huyo. Mvivu mkubwa. Amesugua panapoonekana tu. Mkwe, kamshukuru kwa niaba yangu, mpelekee hata soda.

Soma sasa. Tarehe ziache. Ya chini kabisa, ya mwaka ule alioumwa.

Rudia.

"Kumi na tisa. Inatosha."

Alizihesabu zote. Za viatuni, na ya unga, na hii. Kumi na tisa. Inatosha. Na mimi huyu, hata kaburi halijakauka udongo, nikaenda kujiandikisha ya ishirini. Msinichekeshe, kifua kinauma. Mkwe, nafuta lile. Hurithi kitu. Wapigie dukani sasa hivi, waambie wenye nyumba wamesema inatosha.

Bisibisi, itie mafuta. Palipobaki chini yake, chora tarehe ya leo na alama yako, yoyote utakayochagua. Usiandike habari zangu. Andika sevisi.

Meneja, mshikie dada yako taa. Karibu zaidi. Hivyo.

Mungu awaweke, wanangu. Mkae pamoja, mkosane kwa siku mbili tatu si kwa miaka, na watoto wenu wasiwafiche kitu. Mkwe, na wewe umo. Nimekusamehe karibu yote.

Itie ufunguo. Polepole. Ikikaza, acha, usilazimishe.

Niletee sikioni.

Si hilo, Meneja. La kushoto. Hilo halisikii tangu... La kushoto.

Hapo.