Akina Mama Saba Wasio na Pua

Benchi la nje ya saluni ya kinyozi lina miguu mitatu na tofali, na kila asubuhi hukaliwa na watu wanne wenye majibu ya kila kitu. Asubuhi hiyo mmoja wao, mpiga picha wanayemwita Lenzi, alikuja na miwani ya uhalisia pepe, ile unayoivaa ukajikuta katikati ya video, ukigeuka nyuma unaona ya nyuma. Ndani yake mlikuwa na sherehe ya mama mmoja aliyetimiza miaka sabini. Mama huyo alifariki wiki tatu baadaye, na binti yake, ambaye hakuwahi sherehe wala mazishi, alikuwa njiani kuja kuitazama. Lenzi alitaka wenzake wamsifie kwanza. Mwalimu mstaafu akaweka kikombe cha kahawa chini, akaivaa, akageuza shingo polepole, kisha akaivua kama aliyeshika pasi ya moto.

Mwalimu: Lenzi, mwanangu, nimeona akina mama saba wa magauni ya buluu. Hakuna hata mmoja mwenye pua.

Kinyozi: Hebu lete. Mh. Na macho pia hawana. Uji mtupu.

Lenzi: Ni kioo hicho, kifute.

Kinyozi: Nimekifuta mpaka kimeng'aa.

Chaji, fundi simu: Betri hiyo. Ikishuka, miwani inaacha sura kwanza, maana sura zina kazi nyingi. Ukuta si umetoka safi?

Kinyozi: Betri wapi. Miwani yenyewe ni ngeni, haijazoea nyuso za huku. Ingekaa na sisi siku mbili tatu ikatusoma.

Mwalimu: Nyie mnacheza. Chombo hiki kimejua mle ndani kuna marehemu. Kimewafuta wote saba ili kisikosee.

Hakuna aliyecheka. Lenzi akaivaa mwenyewe, akaona uji ule ule. Kwenye kioo cha kompyuta yake video hiyo ilikuwa imependeza kabisa.

Lenzi: Video niliibana, faili ipungue.

Chaji: Uliibana kiasi gani?

Lenzi: Bitireti yangu ya harusi, yaani data ninayoipa kila sekunde ya video. Megabiti nane kwa sekunde. Faili ilikuwa gigabaiti thelathini, ikashuka hadi mbili na nusu. Nikajipongeza. Nikasema nusu ya video ni dari na sakafu, nani anatazama dari.

Chaji: Nane ni za tivi, ndugu yangu. Kwenye tivi zote ziko mbele yako. Humu umezitandaza mbele, mgongoni, juu na chini. Kopo moja la rangi, umepaka nyumba nzima.

Kinyozi: Si sasa hivi ulisema betri?

Chaji: Nilikuwa sijaulizwa vizuri.

Mwalimu: Basi chukua ile ya gigabaiti thelathini uibane upya, taratibu.

Lenzi akaivua miwani. Siku aliyoibana video, kadi ya kamera ilikuwa imejaa, kesho yake alikuwa na kazi nyingine, na ni yeye aliyeifuta ile faili kubwa, huku akipiga mluzi.

Lenzi: Nilishaifuta.

Chaji: Kopi je?

Lenzi: Hii ndiyo kopi.

Wote wanne wakaikodolea macho miwani. Binti akawakuta hivyo hivyo, begi la safari bado begani.

Binti: Shikamoo, mwalimu. Habari zenu, kaka zangu.

Mwalimu: Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Lenzi: Dada, kwanza kuna jambo nikueleze.

Binti: Utanieleza baadaye, kaka. Nimesafiri siku mbili kwa ajili ya hii.

Akaivaa. Sauti ilikuwa safi, vicheko vya wanawake vikasikika mpaka kwenye benchi, wote kwa pamoja. Binti akatabasamu. Akageuka kulia, akageuka kushoto, akanyoosha mkono mbele, akaurudisha.

Binti: Kaka, mama ni yupi?

Lenzi alikuwa amemwona mama yule siku ya sherehe tu, katikati ya dada zake sita waliofanana naye. Akamtazama Chaji, Chaji akamtazama mwalimu, mwalimu akainamisha kichwa. Binti, miwani usoni, alikuwa bado anawageukia wale wanawake saba mmoja mmoja, akisubiri kuambiwa.