Kasi ya Kuiona Mikono ya Bibi

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka langu la ushonaji, upande wa kivuli, na mguu wake mmoja tumeuwekea kigae lisiyumbe. Mimi hushona mlangoni, kwa hiyo nasikia yote, hata nisiyoyataka. Chupa ya kahawa ni yangu, vikombe ni vya wote, adabu ni ya mwenye nayo. Jumamosi ile walikuwepo watatu. Friji, fundi wa majokofu, ambaye hajawahi kukutana na jambo asilolijua. Mstaafu, aliyefanya kazi idara ya maji mpaka nywele zikamwisha. Na Seremala, mtu wa maneno machache, aliyekuja na karatasi ya matangazo akaikunjua juu ya goti kama mtu aliyeletewa majibu ya hospitali.

— Nisaidieni, akasema. Nataka kuvuta intaneti nyumbani. Kuna kasi ya mega kumi, kuna mia, kuna mia mbili. Nichukue ipi?

— Haraka haraka haina baraka, akajibu Mstaafu. Chukua kumi.

— Kumi ni mwendo wa kinyonga! akaruka Friji. Mtu mzima chukua mia mbili.

— Mia mbili kwenye vyumba viwili? Mimi nimelaza mabomba maisha yangu yote. Ukisukuma maji mengi kwenye bomba jembamba, linapasuka. Simu itampasukia mtoto mkononi.

— Intaneti si maji, mzee wangu.

— Kila kinachopita kwenye bomba ni maji.

— Basi sikiliza. Kuna jamaa alifunga mega mia tano. Akawa anaona goli kabla halijafungwa.

— Kabla?

— Kabla! Majirani wakamkataza kushangilia, anawaharibia mechi. Tena mega zikizidi, ukuta unapata joto. Mimi nimeshagandua friji tatu kwa sababu hiyo.

— Ndiyo maana wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Hilo la mficha uchi halikuwa na mahali pale, lakini tulicheka. Seremala peke yake hakucheka. Nikaacha kukanyaga cherehani.

— Kaka, nikamwuliza, ya nini hasa hiyo intaneti? Si una simu?

Akaikunja karatasi, akaikunjua tena.

— Ni ya binti yangu. Mnajua hasikii tangu azaliwe. Bibi yake, mzaa mama, naye hasikii. Yule ndiye aliyemlea, ndiye aliyempa lugha ya mikono, na ishara nyingine wamebuni wenyewe, wanazijua wao tu. Tangu shemeji amchukue Bibi kule mjini kwake, wanaonana kwenye simu. Sasa picha inakwama. Mkono wa Bibi uko kifuani, ghafla uko shavuni, katikati hapajulikani. Ni kama mtu akwambie jambo huku akimeza nusu ya maneno. Na nuru ya macho ya Bibi inapungua. Juzi mtoto aliizima simu mwenyewe. Sasa Bibi akipiga, mtoto hatoki chumbani.

Mstaafu akakiweka kikombe chini.

— Basi si kumi, akasema Mstaafu taratibu.

— Chukua mia, akasema Friji, naye sauti imeshuka. Tena ina ofa. Nusu bei miezi mitatu!

— Na mwezi wa nne? nikauliza.

Mstaafu akavaa miwani, akaigeuza karatasi. Chini kabisa, kwa herufi za kusomwa na sisimizi, ilikuwa imeandikwa: baada ya hapo bei kamili, na mteja haruhusiwi kuacha kabla ya miaka miwili.

— Loo! Chambo kizuri, akasema. Ndoano ndiyo hii.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mwanamke mwenye koti la kung'aa, fundi wa kampuni nyingine ya intaneti, anateremka kwenye nguzo na waya uliozungushwa begani. Akavuka kuomba kivuli. Nikammiminia kahawa. Alikuwa ametusikia, kwani Friji huongea kama anauza mnadani.

— Samahani, kaka zangu, akasema. Hiyo nyumba inapokea picha tu, au na yenyewe inatuma?

Friji akanywa kutoka kwenye kikombe kitupu.

— Kuna tofauti? akauliza Seremala.

— Kubwa. Hizo mia wanazotangaza ni za kushuka: filamu, mpira. Za kupanda, zitakazobeba mikono ya binti yako, ni chache mno, na nyumba nzima mtagawana. Sisi tuna ya ishirini kushuka, ishirini kupanda. Kwa familia kama yako inatosha na kubaki. Bei haibadiliki, na unaacha mwezi wowote.

— Na upande wa Bibi? akauliza Mstaafu.

— Hilo nalo neno. Kule kukoje?

— Kwa shemeji iko nzuri, akasema Seremala. Mbovu ni huku kwangu.

— Basi nafunga leo. Mjaribu wiki nzima. Msiporidhika nang'oa, hulipi. Lakini msome mkataba kwanza.

Mstaafu aliusoma wote kwa sauti, mpaka anwani ya kampuni. Kisha tukaondoka sote. Niliacha suruali ya mtu ina mguu mmoja.

Nyumbani, Seremala alikuwa ameshakitengenezea kile kisanduku cha kurushia intaneti kabati dogo la mninga, lina mlango na kitasa. Fundi akatikisa kichwa: kisifungiwe, kikae juu, peupe, katikati ya nyumba. Seremala akachukua bisibisi akaung'oa mlango wa kabati.

Waya ulipokwisha kuunganishwa, mkewe akampigia Bibi. Mtoto alisimama mlango wa chumbani, mikono nyuma.

Bibi akatokea. Kwanza alitulia, mikono mapajani, kama mtu asiyeamini. Halafu akainyanyua. Tukaiona mikunjo ya vidole, tukaiona pete. Mkono ukatoka kifuani, ukapanda, ukagusa shavu, ukafunguka; na njia yote tuliiona.

Mtoto akasogea hatua moja. Akasogea nyingine. Mikono ikatoka nyuma ya mgongo, na hapo hapakuwa tena na wa kumzuia. Vidole vilikwenda kama mvua inavyoanza juu ya bati. Bibi anajibu kabla hajamaliza, mtoto anamkatiza, Bibi anamkatalia kwa kidole, wote wawili wanacheka. Kicheko cha yule mtoto sikuwa nimewahi kukisikia. Miaka yote hiyo ni jirani yangu.

Mstaafu akavua kofia.

— Jamani, akanong'ona Friji. Jamani, jamani.

Fundi, waya uliobaki mkononi, akauliza:

— Wanasemaje?

Tukamtazama Seremala. Akamtazama mkewe, mtoto wa Bibi, aliyezaliwa ndani ya lugha ile. Mkewe alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kanga, macho hayabanduki kwenye ile mikono.

— Nilikuwa nawafuata mpaka kwenye jino lililong'oka, akasema. Baada ya hapo wameniacha.