Bhoke wa Pili, Mke wa Koplo Maurice Ochuodho

Wakwe zetu mliovuka mpaka mkatufikia jana, padri wetu, ndugu wa Kanyamwa na majirani mlioacha mashamba yenu Jumamosi hii ya tarehe 16 Agosti 1969: mlio juani sogeeni kivulini, nafasi ipo. Maneno haya ni marefu kidogo. Maisha ya shemeji yetu hayakwenda kwa mstari ulionyooka, na familia imenituma mimi, Cephas, mdogo wake Maurice, niyasome yote bila kuruka hata pale panapotutisha.

Marehemu Bhoke Wambura alizaliwa mwezi wa Februari 1945 katika kijiji kilicho karibu na Sirare, upande wa Tanganyika. Alikuwa mtoto wa nne wa Mzee Wambura Magaigwa, ambaye ametutoka, na Mama Nyasuguta, ambaye tunaye hapa mbele. Kabla yake nyumba ile ilikuwa na binti mwingine. Huyo alizaliwa tarehe 6 Mei 1941, akabatizwa, akaitwa Bhoke, na surua ikamchukua tarehe 17 Septemba 1943. Msichana aliyefuata akapewa jina lilelile, kwa sababu katika nyumba yao jina la mtoto halikuachwa bila mtu. Hakuambiwa. Mama yake alizoea kusema, "Bhoke alibatizwa na padri mwenye ndevu," naye akakua akiamini kwamba anasemwa yeye.

Alisoma miaka mitatu katika shule ya kijiji, kuanzia 1954. Baba alipougua mgongo alitolewa darasani akasaidie nyumbani. Lakini miaka ile mitatu aliitumia vizuri. Aliweza kusoma barua bila kusogeza midomo, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Wengi wenu hapa mliandikiwa barua zenu naye, mkiketi kwenye kigoda chake na kumwambia la kusema, na alikuwa na tabia ya kuuliza, "Hilo unalitaka kweli, au umekasirika tu?"

Alipofika miaka kumi na sita alianza kuuza wimbi katika soko la Isebania, na siku nyingine alikwenda Masara kuwapikia uji wachimba dhahabu. Ni pale Isebania, mwezi wa Aprili 1964, ambapo kaka yangu Maurice, akiwa likizoni na sare yake ya Keya, yaani ya jeshi, imepigwa pasi, alisimama mbele ya debe la Bhoke. Alimwambia ampimie. Bhoke akalisawazisha debe kwa kiganja, akamtazama kutoka kofia hadi viatu, akasema, "Wewe serikali inakulisha. Wimbi la nini?" Maurice akajibu kwamba ni la mama yake. Bhoke akasema basi mama aje mwenyewe. Na kweli, wiki iliyofuata mama yetu Zilpah alipelekwa Isebania kununua wimbi ambalo hakulihitaji, na aliporudi alisema tu kwamba ng'ombe waanze kuhesabiwa.

Ndoa yao ilifungwa kwa desturi, tarehe 19 Desemba 1964. Mungu aliwapa binti, Awino, Oktoba 1965. Bhoke aliishi hapa na mama mkwe wake, aliyemwita nyar Tarime, yaani binti wa Tarime, na Maurice alikuwa jeshini, mara Nanyuki, mara Wajir. Katika miaka mitatu ya kwanza ya ndoa walikaa pamoja siku themanini na moja. Bhoke ndiye aliyezihesabu. Kwa hiyo Januari 1968, Maurice alipoambiwa kwamba anaweza kupata nyumba kambini ya askari wenye familia, sote tulifurahi. Kilichotakiwa kilikuwa kimoja. Mke amezaliwa nje ya Kenya, na kanuni mpya zilitaka kibali cha kumruhusu kuishi na mumewe, pamoja na ushahidi wa kuzaliwa kwake. Bila kibali hakuna nyumba.

Maurice alikuwa Wajir. Fomu ilitaka sahihi yake mahali patatu, kwa hiyo ilikwenda kaskazini na kurudi mara mbili kabla haijafika Nairobi. Kazi ya ushahidi ilikuwa yangu. Nilipanda baiskeli hadi Isebania, nikavuka, nikafika misheni ya kwao. Katekista alifungua daftari kubwa la ubatizo lililoandikwa Kilatini, akalipata jina la Bhoke Wambura, akainakili mistari yote kwa uangalifu, herufi kwa herufi, ingawa yeye wala mimi hatukujua Kilatini. Kando ya jina palikuwa na msalaba mdogo na tarehe nyingine. Nilipouona msalaba nilifurahi. Nilidhani ni alama ya Ukristo wake. Nilimwomba katekista auchore mkubwa kidogo ili Nairobi wauone vizuri, naye akauchora kwa wino mweusi.

Wale mliosoma seminari mnacheka, na mna haki. Katika madaftari yale msalaba huwekwa kwa aliyekufa.

Tarehe 11 Juni 1968 barua ilifika. Ilisema kwamba mwombaji alifariki mwaka 1943 na kwamba faili limefungwa. Bhoke aliisoma yeye mwenyewe pale mlangoni, akaikunja, akairudisha kwenye bahasha. Jioni akamuuliza mama Zilpah kama anamwona vizuri.

Tulilokuwa hatulijui ni kwamba nakala ya barua ile ilikwenda kambini. Karani wa kule hakuangalia mwaka. Alimwita Maurice, akampa pole, akampa likizo ya msiba ya siku kumi na nne. Maurice akapanda lori la jeshi hadi Nairobi, kisha basi. Alipofika Kisii alinyoa kichwa chote, kama anavyofanya mtu aliyefiwa. Alifika hapa saa saba mchana. Bhoke alikuwa uani akianika wimbi kwenye mkeka. Aliona mumewe amesimama nje ya lango, kichwa kinang'aa, hataki kuingia. Akadhani kuna msiba jeshini. Akamuuliza, "Baba Awino, nani amekufa?"

Maurice akasema, "Ni wewe."

Bhoke alicheka. Halafu akaacha kucheka, kwa sababu yeye peke yake alikuwa akicheka. Mama Zilpah alitoka ndani mbio akasimama katikati yao, akawakataza wasigusane. Alisema mwanawe amekwisha mlilia mtu anayepumua, na machozi yale yamekwisha kwenda kwa mtu fulani, yeye hajui nani. Maurice aliketi nje ya lango hadi jua lilipoinama, na Bhoke ndani ya lango, wakizungumza kupitia kwenye ua kama watu wawili wanaofahamiana kidogo. Ndipo mama akaleta maji, wakanawa wote, akamruhusu kuingia.

Tangu likizo ile jambo lilianza hapa nyumbani. Mama akimwita Bhoke kutoka shambani, sauti ilimwitikia kutoka jikoni, "Ee mama." Akifika jikoni hakuna mtu, moto umefunikwa majivu, na Bhoke mwenyewe ndiyo kwanza anapanda kutoka mtoni, mtungi kichwani. Mwanzoni tulisema ni masikio ya mama. Kisha nikasikia mimi, saa tano asubuhi, nikiziba tairi la baiskeli. Waliitika wawili. Aliyetangulia alikuwa na sauti nyembamba, ya mtoto aliyejificha anayengoja atafutwe. Awino alikuwa akicheza kando yangu. Hakuinua hata kichwa. Alisema kwamba huyo ni yule mdogo.

Mwezi wa Septemba tulikwenda kwa Mama Nyasuguta, Bhoke na mimi. Ndipo Bhoke akaambiwa, akiwa na miaka ishirini na mitatu, kwamba alikuwa na dada na kwamba jina lilianza kwa huyo dada. Mama Nyasuguta, naomba uniruhusu niyaseme maneno yako kama ulivyoyasema. Ulimwambia, "Nilikupa jina kabla halijapoa. Lakini yeye hajawahi kunisumbua. Ni ninyi mmemwita. Mnamwita Nairobi, mnamwita Wajir, mnampigia mihuri. Mtoto akiitwa sana namna hiyo, si ataitika?"

Tulianza safari ya kurudi. Pale Isebania Bhoke alinunua vikuku viwili vidogo vya shanga, kimoja cha Awino. Sikumuuliza cha pili ni cha nani.

Ofisi ya Nairobi ilituandikia kwamba faili linaweza kufunguliwa tena iwapo mwombaji ataapa kuwa yeye si Bhoke Wambura wa daftari lile, na mama yake athibitishe. Februari 1969 tulikutana Homa Bay, Mama Nyasuguta akiwepo, katika duka la Bwana Sharif, ambaye ana taipu na huwaandikia watu hati kabla hazijapelekwa kwa hakimu. Alipiga maneno kama yalivyotakiwa: mimi si Bhoke Wambura. Akamgeuzia karatasi atie sahihi. Bhoke akaisoma, akaweka kalamu chini.

"Mama Awino, ni maneno ya sheria tu hayo," Bwana Sharif akamwambia. "Weka sahihi twende tukale."

"Nikimkana mbele ya serikali, atarudi kwa nani?"

Bwana Sharif alimweleza kwa upole kwamba hati isiyofuata maneno ya ofisi itachelewa, pengine itakataliwa, na nyumba ya kambini haitamngoja. Nami nilimsihi. Ninakiri hapa kwamba nilimsihi kwa ukali, maana miguu yangu ndiyo iliyokuwa imekanyaga baiskeli. Bhoke alitaka nyumba ile kuliko sisi sote. Alikuwa amekwisha shona mapazia. Lakini alivuta karatasi tupu, akaandika mwenyewe: Mimi ni Bhoke wa pili. Bhoke wa kwanza ni dada yangu, naye alikufa. Sote ni watoto wa Nyasuguta. Bwana Sharif aliipiga taipu hivyohivyo, mama akaweka dole gumba, hakimu akagonga muhuri.

Tangu siku hiyo aliyeitika hapa nyumbani alikuwa mmoja tu. Lakini mama Zilpah hakuita tena kwa mbali. Alikuwa akimfuata mpaka amkaribie, amwone uso, ndipo amtaje.

Ofisi ilikaa kimya. Ilikaa Machi, ikakaa Aprili, Maurice akarudishwa Nanyuki, ikaendelea kukaa. Mwishoni mwa Julai Bhoke alishikwa na homa kali. Tulimpeleka hospitali ya Homa Bay tarehe 2 Agosti, na madaktari walifanya yote waliyoweza; malaria ilikuwa imekwisha panda kichwani. Siku nyingine alikuwa na akili zake timamu. Siku nyingine alimwomba muuguzi asogee kidogo kutoka ukingoni mwa kitanda, ili mwenzake apate pa kukaa. Muuguzi yule, Benta, yupo hapa leo. Alituambia kwamba alisogea.

Jumatatu nilipokwenda kumwona aliniuliza kama karatasi imekuja. Nikamwambia bado. Akasema, "Basi waambie nipo." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwake. Alifariki kesho yake, Jumanne tarehe 12 Agosti 1969, saa nne asubuhi, akiwa na miaka ishirini na minne.

Siku hiyohiyo nilimpigia Maurice telegramu. Jumatano jibu lilirudi, lakini halikutoka kwake. Lilitoka kwa karani wa kambi. Lilisema kwamba Koplo Ochuodho alikwisha pewa likizo ya msiba wa mke huyu, Juni 1968, na likizo hiyo haitolewi mara mbili kwa kifo kimoja. Nililisoma mara nne pale kaunta ya posta. Wazee waliniuliza la kufanya. Baadhi walisema tumzike bila mumewe. Mama Zilpah alikataa. Alisema alimwona mwanawe akimlilia mtu asiyemjua, na safari hii atamlilia mkewe.

Alhamisi asubuhi, nikiwa posta kutuma ombi la pili, karani alinipa bahasha ya serikali iliyofika kwa basi la usiku. Ilikuwa na tarehe 8 Agosti, siku nne kabla ya kifo. Ndani kilikuwa kibali. Nitakisoma kama kilivyo: Bhoke Wambura, wa pili, mke wa askari, anaruhusiwa kuishi Kenya pamoja na mumewe kwa miaka miwili kuanzia tarehe iliyotajwa.

Kisha nikaandika telegramu nyingine, nikataja nambari ya kibali, nikasema kwamba kwa ushahidi huu wa serikali yenyewe, mke aliyeombolezwa mwaka jana hakuwa huyu. Huyu alikuwa hai hadi Jumanne. Saa tisa alasiri Maurice aliachiliwa. Aliwasili hapa jana jioni. Hakunyoa njiani. Amenyolewa leo asubuhi na mama yake, hapa uani.

Marehemu ametanguliwa na baba yake, Mzee Wambura, na dada yake, Bhoke. Ameacha mume, Koplo Maurice Ochuodho; binti, Awino; mama, Nyasuguta, ambaye jana alipita Isebania bila mtu kumuuliza karatasi; ndugu zake wa kuzaliwa; mama mkwe, Zilpah; mimi shemeji yake; na nyinyi mliokuwa mkimpa barua zenu aandike.

Shemeji, wamejua kwamba upo. Wamekuruhusu ukae na mumeo, na hapa ndipo kwake. Kaa, upumzike kwa utulivu wa Mungu.